Mstari wa Jokudu Niliouficha

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya yamenipata mimi mwenyewe, hapa Juba, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu. Sikuwa nimelewa, pombe hata harufu yake tu inaniumiza kichwa. Sikuwa na malaria pia, kwa sababu najua hilo ndilo swali lako la pili. Mchungaji wetu alinishauri nisimsimulie mtu. Nikamuuliza, mchungaji, aliyepoteza ni nani, ni wewe au ni mimi? Basi nasimulia.

Kazi yangu ni kuandika noti za nyimbo. Wengi hawajui kuwa hiyo nayo ni kazi. Baba mkwe wangu mpaka leo huwaambia watu kwamba mimi ni fundi wa kompyuta, na nimechoka kumsahihisha. Nina meza, kompyuta, printa moja korofi na sola mbili juu ya bati, huko Gurei, karibu na soko dogo. Kwaya za makanisa huniletea nyimbo zilizoandikwa kwa mkono kwenye madaftari ya shule, do re mi, na madoa ya mafuta juu yake. Mimi naziingiza kwenye programu ya noti, nazipanga, natoa karatasi safi ambayo mwimbaji akiishika anajua aimbe nini na avute pumzi wapi. Nilijifunza kazi hii Kitale, nilikosomea wakati wa ukimbizi. Ndiyo maana watu wa hapa wanasema Kiswahili changu kinaringa. Kinaringa, ndiyo. Nilikipata kwa viboko.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Ndani ya programu hiyo kila sauti ina mstari wake: sauti ya kwanza juu, ya pili chini yake, halafu ya tatu, halafu besi. Mstari wowote unaweza kuufuta au kuuficha. Kuufuta ni kuuondoa kabisa. Kuuficha ni kuuondoa machoni tu. Kwenye karatasi hauonekani, lakini ndani ya kompyuta bado upo, na ukibonyeza wimbo ucheze, unalia pamoja na wenzake. Na kuna mahali ukiweka alama moja tu, programu yenyewe inaficha kila mstari usio na noti. Nilikuwa naipenda sana alama hiyo, kwa kuwa inaokoa karatasi. Kwa karatasi mimi nilikuwa mchoyo, sikufichi. Mke wangu Kiden alikuwa akisema nikifa msalaba wangu utaandikwa mbele na nyuma, ili kuokoa mbao.

Kiden aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa letu. Naweza kukueleza sura yake ukamjua sokoni, lakini sauti yake siwezi, na utaona kwa nini hilo linaniuma. Mimi ni mtu wa hasira. Naamka nazo, natembea nazo, narudi nazo nyumbani. Lakini nikifika mlangoni nikimsikia Kiden anaimba, hata kama ni kimya kimya huku akisugua sufuria, zilikuwa zinashuka zenyewe. Nilimpenda kwa masikio kwanza. Macho yalifuata baadaye.

Jumatano moja ya msimu wa mvua akaja Wani, mwalimu wa kwaya yao. Wani hupakia mizigo kwenye uwanja wa ndege, na alikuja moja kwa moja kutoka kazini, koti lake la kung'aa bado mwilini. Aliniletea wimbo mpya wa Kiswahili ambao wangeuimba Jumapili. Nikaufungua. Mistari mitano badala ya minne, na wa juu kabisa haukuwa na kitu.

"Huu umesahau kuujaza," nikamwambia.

"Hapana, usta. Hiyo iko ya Jokudu."

Usta ni fundi, kwa Kiarabu cha hapa. Akanieleza, na mimi nakueleza vilevile. Kwaya hii ilianzia kambini, kaskazini mwa Uganda. Aliyeianzisha ni mwanamke mmoja, Jokudu, na yeye ndiye alikuwa mwitishaji: anaanza peke yake, anaita, wengine wanamjibu. Akafariki hukohuko kambini, akazikwa hukohuko. Ndugu zake walikuwa wametawanyika, huyu Arua, huyu Yei, huyu hajulikani alipo, na ile sala ya mwisho ya kumuaga ilikuwa haijafanyika. Kwa desturi ya kwaya hiyo, mpaka sala ifanyike mstari wa marehemu unaandikwa katika kila wimbo, mtupu. Na kabla ya kuimba wanakaa kimya kidogo, kiasi ambacho yeye angeita, ndipo wanajibu. Siku ya sala ndipo mstari utakabidhiwa mtu aliye hai, mbele ya watu wote.

"Mpaka hiyo siku, mstari iko yake," Wani akasema. "Mtu akishakufa na hana mahali, atatafuta mahali. Wewe usiguse."

Neno hilo "usiguse" ndilo lililoniharibu. Mtu ananiletea daftari lenye mafuta, halafu ananifundisha cha kugusa na cha kutogusa mezani kwangu? Nikamwitikia tu ili aondoke. Kabla hajatoka akaongeza kwamba wimbo ule, baada ya kile kimya, utaanzwa na Kiden peke yake. Nilikuwa najua tayari. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupewa mwanzo, na nyumbani alikuwa akiufanyia mazoezi mpaka na mimi nilikuwa nimeushika.

Alhamisi nikaandika. Wimbo ulikuwa mzuri, nampa Wani haki yake. Lakini nilipoupanga, mapigo machache ya mwisho yakamwagikia ukurasa wa pili. Waimbaji thelathini, karatasi thelathini zaidi, maana printa yangu ukiigeuzia karatasi huitafuna, kwa ajili ya mapigo yanayoenea kwenye kiganja. Nikautazama mstari ule wa juu. Alama za kimya tupu, kutoka mwanzo mpaka mwisho, jina la Jokudu pembeni. Nani ataimba kutoka hapo? Nikaweka ile alama yangu. Mstari ukatoweka, minne iliyobaki ikapanda juu, wimbo ukakaa kwenye ukurasa mmoja. Nikachapa nakala zote, nikazifunga kwa uzi, na nikaenda nyumbani nimeridhika na nafsi yangu.

Ijumaa ilinyesha asubuhi yote. Wewe unaijua Gurei ikinyesha. Hata mbwa anatembea akichagua pa kukanyaga. Saa nane mchana mvua ilikuwa imekatika na jua linachoma. Mlango wangu ulikuwa wazi. Akaingia mwanamke mrefu, wa umri wa mama yangu, lawa lake, ile shuka ya wanawake wa huku, limefungwa begani upande wa kushoto. Hakusalimia. Sikiliza, huku kwetu hata mtu akija kukupiga anakusalimia kwanza.

"Wewe ndiyo fundi ya nyimbo?"

"Ndiyo, mama. Karibu ukae."

Hakukaa. Alinyoosha mkono kwenye furushi la kwaya, akachomoa karatasi ya juu bila kufungua uzi, na sijui alifanyaje maana nilikuwa nimeukaza. Akapitisha kidole pale juu, kwenye weupe ulio kabla ya mstari wa kwanza. Akapitisha tena.

"Mimi iko wapi hapa?"

"Wewe ni nani, mama?"

"Nimekuuliza. Mimi iko wapi?"

Nikajua ni mmoja wa wanawake wa zamani wa kwaya, na Wani amemtuma aje anikague. Damu ikapanda. Nikamwambia kazi yangu haikaguliwi na kila anayepita sokoni, na kama ana swali amlete mwalimu wake. Nikatazama chini, na hapo ndipo nilipoona miguu yake. Nje kulikuwa na tope la kuvua viatu. Miguu yake ilikuwa mikavu, imejaa vumbi jekundu mpaka kwenye vifundo, kama mtu aliyetembea siku nzima kwenye kiangazi.

Je, ningekimbia? Kwa urahisi unasema ningekimbia. Mwanaume katika duka lake hakimbii mama mzee mchana. Nilijiambia ameshushwa na bodaboda mlangoni, na hilo vumbi amelitoa kwingine.

"Fungua mashini," akasema.

Nikafungua, ili nimwaibishe. Nikaondoa ile alama, na mstari wa Jokudu ukarudi juu ya kioo, mtupu kama nilivyouacha. Nikamwambia, mstari wenyewe ndio huu, hauna kitu, mama, hata ukiusikiliza hauna kitu, ngoja nikuonyeshe. Nikabonyeza wimbo ucheze.

Sauti za programu unazijua kama umewahi kuzisikia. Ni "aaa" ya mashine, haina pumzi wala mate. Wimbo unaanza na kile kimya cha mwitishaji. Nikaona mshale unatembea juu ya alama za kimya, na nikasikia mtu anavuta pumzi. Halafu akaita. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nzito, iliyochoka, inayoita kama mtu anayeita wenzake kutoka ng'ambo ya mto. Ilitoka kwenye vispika vyangu vile viwili vidogo. Nilimtazama yule mama mdomoni. Mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Nikabonyeza wimbo usimame. Mshale ukasimama. Sauti haikusimama, ilimaliza kwanza maneno yake, ndipo ikanyamaza.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa sana. Lakini Mungu aliniumba vibaya: mimi nikiogopa hukasirika.

"Rudisha mimi," akasema. "Toa karatasi ingine mbele ya Jumapili."

"Karatasi zimekwisha."

Akageuza shingo, akaitazama rafu yangu. Kulikuwa na pakiti nusu. "Karatasi iko."

"Hizo ni za watu wengine."

Tukatazamana. Macho yake hayakuwa na kitu cha kutisha, ndicho kilichoniudhi zaidi. Yalikuwa macho ya mtu aliyesafiri mbali akakuta kiti chake kimekaliwa, na ananichukia kwa haki yake.

"Kalas," akasema. "Kama mimi sina mstari yangu, mimi tachukua ya mtu. Kuna moja inaanza peke yake. Iko mzuri ile."

Akairudisha karatasi mezani akatoka. Nilikwenda mlangoni baada ya muda, si mara moja, sitakudanganya. Barabara nzima ilikuwa tope na watu wake wa kila siku. Yeye sikumwona. Kwenye sakafu yangu lilibaki vumbi jekundu, kavu, kiasi cha kiganja kimoja.

Sasa nikuulize wewe. Ungekuwa wewe, karatasi ipo, sola inawaka, printa imekubali siku hiyo, ungefanya nini? Ungechapa upya. Mtu yeyote mwenye akili angechapa upya. Mimi nilichukua ufagio, nikalifagia lile vumbi, nikairudisha alama yangu, nikauficha mstari mara ya pili. Nilikataa kuamrishwa. Mara ya kwanza naweza kusema sikujua. Mara ya pili nilijua, na hata ukimtaja Shetani mwenyewe, yeye hakuwepo. Nilikuwepo mimi na kiburi changu.

Jumamosi Kiden akaja dukani kuchukua furushi alipeleke kanisani. Wani alikuwa zamu. Kiden akaligusa furushi, akaniuliza, "Jokudu yupo?"

"Yupo," nikamwambia.

Na ndani ya kompyuta alikuwepo, sivyo? Nilijipongeza kwa jibu hilo. Kiden akaondoka akiimba ule mwanzo wake, taratibu, akiruka madimbwi. Nilisimama nikamsikiliza mpaka akapotelea kwenye kona. Ilikuwa mara ya mwisho.

Jumapili kanisa lilijaa. Wani akagawa karatasi dakika ya mwisho, akaitazama ya kwake, halafu akaniinulia macho pale nilipokaa. Aliinua mkono, na kwaya ikakaa kimya, kile kimya chao cha desturi. Nafikiri alijaribu kuziba tundu nililoliacha kwa mkono wake. Kisha akamwashiria Kiden.

Kiden akafungua mdomo, na ikatoka sauti niliyoisikia Ijumaa.

Ilikuwa ileile. Nzito, imechoka, inaita ng'ambo ya mto. Mdomo ni wa mke wangu, shingo ni ya mke wangu, na ule mshipa unaosimama akipanda juu ni wake, lakini sauti si yake. Wanawake wa zamani wa kwaya, wale waliotoka kambini, wakaanza kulia. Mmoja akasema kwa nguvu, "Jokudu, ee mama, umekuja?" Watu wengine wakapiga vigelegele, wakidhani ni baraka. Kiden aliimba mpaka mwisho. Alipokaa alishika koo lake, akanitafuta kwa macho, na nikainamisha kichwa.

Usiku ule nilimwambia yote. Nilitegemea anipige, na ningefurahi kupigwa. Alisema tu, "Ulinibania karatasi." Basi. Tangu siku hiyo hajalirudia neno hilo, na mimi silisahau.

Usidhani sikujaribu kurekebisha. Jumatatu nilichapa upya nakala zote, mstari wa Jokudu juu, jina lake kwa herufi kubwa. Jumapili iliyofuata kwaya ikakaa kimya, ikamngoja. Hakuja. Kwa nini aje? Ameshapata nyumba, ataachaje nyumba arudi barazani? Wani aliwatafuta wale ndugu kwa simu wiki nyingi, wakakutana, sala ya mwisho ikafanyika, mbuzi akachinjwa, na mstari ukawekwa mbele ya watu ili ukabidhiwe. Wanawake wote wakamtazama Kiden. Kiden akatikisa kichwa, akatoka nje. Hajarudi kwenye kwaya tena, na wao wamekasirika, wanasema anawanyima mwitishaji wao. Mimi salamu yao siipati. Wala mimi siitafuti.

Na kuna jambo jingine ambalo sikumwambia mchungaji. Ukiufungua wimbo ule kwenye kompyuta yangu, mistari yote mitano inaonekana. Mstari wa sauti ya pili, ule wa Kiden, una noti zake zote, hakuna niliyoificha, nimekagua mpaka macho yameuma. Ukiucheza wimbo, mshale unapita juu ya noti hizo na hakuna kinacholia. Nimeufuta nikauandika upya. Nimeuhamishia kompyuta ya rafiki yangu huko Mangateen. Vilevile.

Kiden akizungumza, ni Kiden. Ananituma sokoni kwa sauti ile ile, ananikemea kwa sauti ile ile. Akisahau akaanza kuimba, anaimba yule. Na yule ananichukia, nasikia. Akiimba nikiwa nje, ni wimbo. Nikiingia, sauti inageuka ikawa ya mtu anayeniuliza yeye yuko wapi. Siku hizi Kiden haimbi kabisa, na hasira zangu naingia nazo mpaka ndani, nalala nazo.

Kwa hiyo ukikabidhiwa kitu cha mtu, hata kama kwako ni kitupu, kiache mahali pake. Mwenyewe akija kuuliza, usimtafutie jibu la ujanja, na usimbishie mtu ambaye miguu yake ni mikavu siku ya mvua. Mrudishie siku hiyohiyo. Mimi nilidhani nina mpaka Jumapili, na hata hiyo Jumapili niliidharau.

Juzi Kiden alikuja akakaa karibu yangu nikiwa kazini. Akaniomba nimwonyeshe alivyokuwa akiimba zamani, kwa sababu yeye mwenyewe ameanza kusahau. Nilitafuta kwenye kompyuta, nikatafuta kwenye simu zote mbili. Miaka yote hiyo naandika nyimbo za watu, sikuwahi kumrekodi hata mara moja. Nikajaribu kumwimbia mimi, nikimwigiza. Alisikiliza kidogo kwa upole, halafu akaniwekea mkono mdomoni, akaniambia inatosha, haikuwa hivyo.